Tangi Moja, Kwenda na Kurudi

Mimi ni fundi rangi. Napulizia magari rangi katika gereji ya baba yetu, kwenye chumba cha nyuma kilichozungushiwa nailoni, na mtu akifungua mlango nikiwa kazini, vumbi likaingia, namwambia maneno ambayo hatayasahau. Mama husema nilipozaliwa mkunga alinilambisha pilipili badala ya asali. Sibishi. Nayasema haya mapema ili nikifika mahali pa kueleza kwamba jambo fulani lilinifunga mdomo, msidhani lilikuwa jambo dogo.

Jambo lenyewe ni gari la Baba. Ni gari dogo la spoti, viti viwili tu, boneti ndefu, na liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na matairi ya malori. Alilipata likiwa skrepa kabla hajamwoa Mama, akalifufua kwa mikono yake, na ndilo alilovukia mlima kwenda kuchumbia. Ng'ambo ya mlima hakukuwa na kituo cha mafuta, na mpaka leo hakuna. Kijana mwenye mchumba kule alitakiwa aende na kurudi kwa tangi moja, au alale njiani akijibu maswali ya wapita njia. Baba hakulala njiani hata mara moja. Alirudi kila safari na sindano ya geji imelalia nyekundu, gari likipumua mvuke wa mwisho, lakini alirudi. Mama anasema wachumba wengine walikuja na maneno matamu na kuondoka na dumu la kuomba mafuta. Huyu hakuomba, ndiyo maana akamkubali.

Siri ya Baba ilikuwa masikio. Alikuwa fundi injini wa kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakutajia kinachouma kabla hajafungua nati hata moja. Mjini walimwita Sikio, na hata barua za kanisani na za msikitini za kumwalika harusini zilikuja na jina hilo. Alipokuwa akiendesha, injini ilimwambia lini inataka gia nyingine na lini inakunywa bure, naye akaitii kama mtu anavyomtii mkewe mbele ya wageni.

Halafu masikio yakaondoka. Miaka ya nyundo, ya jenereta, ya injini zinazonguruma bila ekzosi, yote ilikuja kudai haki yake. Lilianza la kulia, la kushoto likafuata. Vifaa vya kusikilizia vilimletea makelele matupu, akavitia kwenye droo. Gereji akamwachia mdogo wangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliacha pia kuzungumza. Hakujua tena kama anapiga kelele au ananong'ona, na siku moja benki alimsalimia mtu kwa sauti iliyomfanya mlinzi asimame. Tangu hapo akawa kimya kama maji mtungini. Tukimweleza jambo alitutazama midomo, akatikisa kichwa, basi.

Kila asubuhi alilifuta gari vumbi. Hakuliwasha. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwa mnong'ono, "Injini imekufa."

Injini haikuwa imekufa. Mdogo wangu alikuwa akiiwasha kila wiki na ilipiga vizuri. Ila kwa Baba ilikuwa chuma kinachotetemeka tu.

Mwishowe Mama akaamua. "Liuzwe," alisema, tukiwa mezani. "Lile gari linamla baba yenu. Kila siku analiosha kama anaosha maiti." Mnunuzi alikuwapo, daktari mmoja wa meno aliyelitamani miaka nenda miaka rudi. Mama alimgeukia Baba, akalirudia polepole ili amsome mdomo. Baba akatikisa kichwa kukubali. Ningefurahi kama angepindua meza. Alikubali, akaendelea kula.

Mdogo wangu tunamwita Nati, kwa sababu alipokuwa mtoto alimeza moja, na ukoo mzima ukakaa siku kadhaa ukiisubiri kwa heshima zote. Ni fundi mzuri, ila ana wazimu wa kasi. Kesho yake aliingia chumbani kwangu bila kubisha, na vumbi lake, nikafungua kinywa kumpa haki yake. Akaninyoshea kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.

"Kabla hujanitukana, kipulize hiki."

Kilikuwa chuma chenye umbo la konokono, na tumboni mwake mlikuwa na kigurudumu cha mapanga membamba, kisichozidi ukubwa wa kikombe cha kahawa. Nilikipuliza kidogo kama mtu anayepoza uji. Kikazunguka. Hakikutoa sauti, hakikukwaruza, na nilipoacha kupuliza kiliendelea kuzunguka muda mrefu kana kwamba kimenisahau.

"Ni tabo," Nati akasema. "Nataka kuifunga kwenye gari la Baba."

"Tabo au tabu?"

"Dada, sikiliza. Kompresa yako ya rangi inashindilia hewa. Inakula nini?"

"Umeme, na bili yake unaijua."

"Hii nayo ni kompresa. Inakula moshi."

Nikaiweka chini bunduki ya rangi. Akanieleza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilimwacha amalize. Moshi unaotoka kwenye injini, akasema, unatoka na joto na nguvu nyingi, na sisi tunautupa tu nyuma ya gari. Ukiupitisha kwenye kigurudumu hiki kabla haujatoka, unakizungusha. Upande wa pili wa fimbo iliyokishika kuna kigurudumu kingine, nacho kinavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika.

"Laki moja," nikasema.

"Na zaidi."

Nilikitazama tena kile kikombe. Miaka yote nimeishi kati ya magari na kuuona moshi kuwa uchafu, kitu cha kunichafulia rangi. Sikuwahi kuwaza kwamba kilichokwisha kutupwa kinaweza kurudishwa kazini. Nilihisi mwili unanisisimka, na nikamkasirikia Nati kwa kunifanya nisisimke mbele yake.

"Na mafuta je?" nikamuuliza.

Akajikuna kisogo. "Hewa ikizidi, petroli nayo lazima iongezeke, si ndiyo? Zinachomwa pamoja. Lakini hewa inazidi ukikanyaga tu. Usipokanyaga, tabo imelala."

"Kwa hiyo inakunywa au hainywi?"

"Inategemea."

"Fundi akisema inategemea, mteja ashike mfuko."

Hakucheka. Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Baba hasikii injini tena," akasema. "Lakini mgongo wake haujaharibika. Nataka gari limsukume, Dada. Nataka liongee naye kwa mgongo."

Sikuwa na ujanja tena. Nilikwenda naye kwa Mama, tukaomba muda kabla ya kumwita daktari. Mama alituangalia kama anavyoangalia samaki wa jana sokoni, lakini akakubali. Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Alisimama mlangoni mwa gereji, akaona bomba la moshi limekatwa, akaliona lile konokono, na akaelewa yote bila kuelezwa.

"Litakunywa," akasema. Sauti ilimtoka kubwa, akajisikia mwenyewe kwa kututazama nyuso, akanywea. Kisha akanong'ona, "Gari hili ni la tangi moja. Likishindwa kwenda na kurudi, si gari langu tena. Atakayelitaka alichukue."

Basi hilo ndilo likawa sharti, na Mama akalishika kwa mikono miwili. Gari likivuka mlima na kurudi kwa tangi moja, linabaki. Lisipoweza, ni la daktari.

Nati alifunga tabo. Alifanya kazi safi, naliungama hilo ingawa si desturi yangu kumsifu. Alibadilisha vinyunyizio vya petroli, akapima, akapima tena. Siku alipoliwasha na kulitoa barabarani, mafundi wa gereji jirani walitoka wote na spana mikononi. Alikanyaga, na kutoka chini ya boneti ukasikika mluzi mwembamba, unapanda, unapanda, kisha gari likaruka mbele kana kwamba limechomwa sindano. Wale mafundi walipiga makofi. Wakamwambia arudie, akarudia. Kesho yake wakaja na wenzao, "Hebu tusikie mluzi," akawasikilizisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nati alikwenda dukani kununua sukari kwa mluzi, akarudi kwa mluzi.

Na gari likanywa. Likanywa kama harusi. Tangi lililokuwa likivuka mlima na kurudi sasa halikumaliza shughuli za mjini. Nilifungua plagi nizitazame, kwa sababu rangi ndiyo lugha yangu. Ncha ya plagi ya injini inayokula vizuri huwa ya kahawia nyepesi, rangi ya biskuti. Zile zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi.

"Unaimwagia petroli kama unamwagilia bustani," nilimwambia Nati.

"Nimepima, Dada. Vipimo viko sawa."

"Macho yangu nayo yako sawa."

Tuligombana mpaka mteja mmoja akaondoka na gari lake halijamalizika. Nati alipima upya, akapunguza hapa, akaongeza pale, akatoka tena kulijaribu, akarudi na plagi nyeusi. Alikonda. Mama alichukua simu, akamwambia daktari wa meno aje Jumamosi jioni na dereva wake.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Baba amesimama kando ya gari, amevaa koti lake la safari, lile la viraka vya ngozi kwenye viwiko. Alininyoshea mkono. Alitaka funguo.

"Naenda kumwamkia shemeji," akanong'ona. Shemeji ni dada yake Mama, mama yetu mkubwa, aliyebaki ng'ambo ya mlima. "Nilipelekwa huko na gari hili. Nataka liniage likiwa huko."

Mama alisikia kutoka jikoni, akatoka akijifuta mikono. Alimshika Baba kidevu amgeuze. "Na likikuacha njiani?"

"Daktari atalifuata huko huko."

Nati akaruka, akasema yeye ndiye atakayekwenda naye, gari ni kazi yake. Baba alimsoma midomo mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukataa, akaninyoshea mimi kidole. "Huyu ana mdomo mkubwa," akasema. "Namsoma hata nikitazama pembeni." Nilicheka kwa sababu ilikuwa zamani sana tangu anitanie. Tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakuwa masikio. Honi ikilia nyuma, ninamgusa bega.

Tulijaza tangi hadi shingoni. Niliutazama mguu wake wa kulia alipoliondoa gari, na nikakumbuka alivyotufundisha kuendesha, akisema chini ya pedeli kuna yai na yai hilo ni la jirani. Tulipita mjini. Tulipita viwanda vya matofali, tukapita mashamba. Nilikuwa nimeketi nimekaza shingo nikisubiri mluzi, kama mtu anayesubiri mbwa asiyemwona abweke.

Haukulia.

Nilidhani tabo imekufa. Nilidhani Nati, kwa hasira, ameichomoa usiku. Barabara ilikuwa tambarare, gari likaenda kama lilivyokuwa likienda nikiwa mtoto, na sindano ya geji ikakaa pale ilipo kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Ndipo ikaniingia akilini, taratibu, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Hatukuwahi kulijaribu lile gari kwa mwendo wa kawaida. Kila alipolitoa, Nati alikuwa anautafuta mluzi, na mluzi hauji mpaka ukanyage, na ukikanyaga gari linakunywa. Nami niliyejitia kujua kusoma plagi nilisoma masizi ya mluzi nikayaita kosa la vipimo. Fundi mwingine asiyependa sauti ya injini asingefanya kosa hilo. Sisi tumelelewa na mtu anayeitwa Sikio.

Mlima ulianza. Hapo Baba huwa anakaa wima. Barabara ile inapanda kwa kona, kila kona kali kuliko iliyotangulia, na juu kabisa kuna moja tunayoiita Kona ya Mama, kwa sababu Mama alipoletwa kama bibi harusi alifumba macho pale na hakuyafumbua mpaka waliposhuka. Zamani gari lilikuwa likifika hapo linatweta. Hewa ya juu ni nyepesi, injini nayo inakosa pumzi kama binadamu, na Baba alilazimika kurudi gia ya pili, injini ikipiga yowe, petroli ikishuka kwa macho. Safari zote za zamani, mafuta yaliliwa pale.

Tulipita malori yaliyoegeshwa boneti wazi, madereva wao wamekaa kwenye mawe wakisubiri injini zipoe. Masikio yangu yakaziba kwa urefu wa mlima. Kona ya Mama ikatokea mbele. Baba aliushika mkono wa gia, kwa mazoea ya miaka yote ile, tayari kurudi ya pili.

Hapo ndipo niliposikia. Haukuwa ule mluzi wa Nati. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Na gari, badala ya kuzama, likanyanyuka. Nilihisi kiti kinanisukuma mgongoni, polepole, kwa upole, kama kiganja.

Baba alihisi. Nilikiona kitu kikipita usoni mwake, kikaanzia kwenye paji la uso na kushuka mpaka mdomoni. Mkono wake ulibaki juu ya gia bila kuisogeza. Aliinua mguu kidogo sana, upana wa ukucha, na kile kiganja hakikuondoka. Kilibaki pale pale, kinasukuma, wala hakiongezi. Baba hakusikia ile sauti, kwa hiyo haikumwita, haikumwomba arudie, haikumpigia makofi. Alichokuwa nacho ni mgongo wake na unyayo wake. Tulikata Kona ya Mama kwa gia ya tatu. Akautoa mkono kwenye gia, akauweka kwenye usukani.

Nilitaka kusema neno. Mimi. Sikupata.

Juu kabisa, kwenye uwanja mdogo wa changarawe, alisimama. Hakuzima injini. Alifungua boneti, akaenda nyuma, akarudi na bisibisi yake ndefu, ambayo sikujua kama bado anaibeba. Aliweka ncha kwenye kichwa cha injini. Nilidhani atapeleka mpini sikioni, na moyo ukaniuma kwa sababu nilijua hatapata kitu. Aliupeleka mdomoni. Aliung'ata mpini kwa meno, akafumba macho.

Upepo ulikuwa ukimpeperusha koti. Alisimama hivyo muda mrefu, kisha akainua kidole kuniambia nikanyage. Nikaingia, nikakanyaga kidogo. Akainua kidole tena. Nikakanyaga zaidi, nikaachia. Alihamisha ncha kwenye lile konokono, akaning'inia pale na meno yake, na nikaona mashavu yake yanatetemeka kwa mtetemo wa injini. Alipoutoa ule mpini mdomoni alikuwa analia, na hakujificha.

"Ukiachia, bado inazunguka," akasema. Hakunong'ona. "Inabaki inazunguka yenyewe kidogo, halafu inalala. Nimeipata kwenye meno."

Nilitikisa kichwa. Nimepaka rangi magari ya mawaziri na ya maharusi, nimeona chuma kikiangaza mpaka ukajitengenezea nywele ndani yake, lakini sikuwahi kuona kitu kama yule mzee akisalimiana na injini kwa meno.

Tulishuka kwa Mama Mkubwa. Alitupokea, akatulalamikia kukonda kama kawaida yake, akatupa chai. Injini ilipopoa nilifungua plagi moja, nikaitazama juani. Ilikuwa rangi ya biskuti. Nilimwonyesha Baba. Akaitazama, akaishika, akairudisha mkononi mwangu akinifumba vidole juu yake kana kwamba ananipa mbegu.

Na kurudi, Baba akazungumza.

Aliwasha gari, akatazama barabara, na maneno yakaanza kumtoka kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Alikuwa anaendesha, hawezi kunitazama midomo, kwa hiyo mimi ninayejibu kila kitu nilikaa kimya kwa nguvu.

"Nati ana masikio mazuri," alisema. "Hiyo ndiyo shida yake. Ikiimba, anataka iimbe tena. Mimi haiwezi kunidanganya. Ikinigusa mgongo najua imeamka, na ikiamka inataka kula, basi nainua mguu kidogo. Siiamshi yote, siilazi yote. Umewahi kupanda ngazi na mtu amekushika kiuno? Huhitaji akubebe. Ukitaka akubebe, lazima umlishe kwanza."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alinieleza jinsi hewa ya mlimani ilivyomnyima usingizi alipokuwa kijana, alivyohesabu kona akiwa kitandani akitafuta pa kuokoa mafuta. Alinieleza kwamba safari moja aliteremka mlima mzima amezima injini, jambo la kijinga ambalo nisimwambie Mama. Alinieleza kwamba moshi ule aliutupa miaka yote na hakuwahi kuuuliza kama una kazi, na hapo sauti yake ikapungua yenyewe. "Mtu unadhani kilichotoka kimetoka," akasema. "Kumbe bado kina nguvu."

Alizungumza mlima wote. Alizungumza kwenye mashamba na kwenye viwanda vya matofali. Yalikuwa maneno ya miaka, yamekaa yakisubiri, na niliyapokea yote nikiwa nimeutazama mdomo wake, jinsi yeye alivyozoea kutazama yetu. Nilimpenda sana siku ile. Nilikuwa nimempenda siku zote, lakini siku ile nilimstaajabia, na hivyo ni vitu viwili.

Tulipoingia mtaani kwetu jua lilikuwa linaelekea kuzama. Niliinama kuitazama geji. Si muujiza. Sindano ilikuwa imekaa juu kidogo tu ya nyekundu, unene wa uzi labda, mahali ambapo safari za zamani ingekwisha kulala. Gari lilikuwa limepata nguvu nyingi zaidi, na lilikuwa limekunywa kama zamani, pengine kasoro kikombe kimoja. Nilijua mafundi wa jirani wangesema natia chumvi. Nilimwonyesha Baba kwa kidole. Alikwisha kuiona.

Langoni walikuwa wamesimama Mama, na Nati, na daktari wa meno katika suti, na dereva wake aliyeletwa kulichukua gari, ameshavaa glovu. Nati alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza tunavyokuja bila mluzi. Nilimwona akielewa. Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Baba alipunguza mwendo. Nilikwisha kushika kitasa cha mlango nishuke nikafungue lango. Aliwatazama wale wote kwa zamu, akaitazama sindano tena, kisha akanitazama mimi.

"Tangi halijaisha," akasema.

Akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, na kwa sauti yake yote, ile aliyokuwa ameifungia ndani miaka miwili kwa kuogopa ni kubwa mno, akamwambia daktari wa meno aende nyumbani akale chakula chake cha jioni. Daktari alirudi nyuma hatua nzima. Mama aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka kwa kicheko au kwa kilio. Baba hakusubiri kujua. Alirudisha kichwa ndani, akalipita lango letu, akashika barabara ya upande wa pili ambako hatukuwa na safari yoyote, huku akiniuliza kwa kelele kama nimewahi kusimuliwa jinsi alivyolipata hili gari.

Nilikuwa nimesimuliwa mara nyingi. Nilitikisa kichwa kwamba sijawahi, akaanza.